Mchungaji Munyemana na Ubatizo wa Pentekoste

Mchungaji Simeoni Munyemana alizaliwa Nzahaha tarehe 14 Machi 1951. Mwaka 1959 wazazi wake walikimbia naye mauaji hadi Bukavu, Congo, na huko ndiko alikosoma shule ya msingi, kisha shule ya Biblia.

Mwaka 1976 alimuoa Bernadette. Siku ya harusi alichelewa kwa sababu alikuwa akimwombea mgonjwa, na mashangazi wa bibi harusi wakavimba kama unga wa mandazi. Bernadette alicheka tu. Alijua anaolewa na mtu wa namna gani.

Oktoba 1994, baada ya mauaji ya kimbari, alirudi nyumbani, akaanzisha kanisa Nzahaha chini ya turubai, pamoja na wajane. Aliyetaka ubatizo huku mikono yake ina damu, alimtuma kwanza kwa waliofiwa akaseme ukweli. Wengi hawakurudi. Katika mikutano ya wachungaji, kila mmoja alisimama kutaja aliowabatiza, na wenzake walimtania kwamba yeye anachunga mabenchi.

Pentekoste ya 1997 utani huo ulimshinda. Alipeleka umati ziwani, Kamembe, bila kumuuliza mtu lolote. Mmoja wao alikuwa Nzabonimana, aliyemchukua mume wa Mama Mukarugwiza mwaka 1994, mume asionekane tena. Mama huyo, shemasi wa kwanza wa Mchungaji, alisimama ufukweni na vitenge vya kuwafunika waliotoka majini. Nzabonimana alipomfikia, Mama aliangusha kitenge, akamgeukia Mchungaji.

“Papa Pasta, ule muntu hajaniambia fasi gani alitupa maiti ya bwana yangu. Na weye umeisha kumusafisha?”

Mama hakukanyaga kanisani tena. Mchungaji alisifiwa, akapewa kanisa kubwa la Kamembe. Nzabonimana alivuka kwenda Congo, vita vya 1998 vikaanza, na hadi leo hajulikani alipo.

Hatia ilimtafuna Mchungaji. Aliliacha kanisa kubwa, akarudi Nzahaha, akawa anamlimia Mama Mukarugwiza shamba la maharage. Mama hakuwahi kuitikia salamu yake. Mwaka 2001 Mchungaji aliugua sukari, na tarehe 9 Juni 2002 akafariki. Alimwambia binti yake, “Mukiruka ile ya Pentekoste, mutanizika na uongo.” Kwa hiyo tumesoma yote hapa kaburini, ingawa tumeona haya.

Ameacha mjane, Maman Bernadette, watoto wawili, Gasaro na Cyusa, na waumini wa Nzahaha.

Mama Mukarugwiza, tumekuona umekuja. Mchungaji alituomba tusimtakie mapumziko ya amani sisi wenyewe. Alisema neno hilo ni lako. Ukinyamaza, Mama, hatutakulaumu. Tutamfukia bila kulisema.