Viatu vya Madam Karwirwa

Pale Majengo, mjini Meru, kati ya bucha la Abdulatif na barabara inayoelekea ukumbini, kuna benchi refu ambalo mguu wake wa tatu ni tofali. Kila asubuhi Idrisi huweka hapo jiko lake na birika la kahawa chungu. Nthiga, fundi wa viatu, hutandaza gunia lake upande wa kushoto, na ikifika saa tatu benchi limeshajaa watu wasio na haraka. Nthiga wamempa jina la Soli, maana huapa kwamba anaweza kusoma maisha ya mtu kwenye soli ya kiatu chake. Muthamia, mwalimu mstaafu, ni Rejista, kwa sababu ukikosa kufika siku mbili atakudai barua ya mzazi, hata kama wewe mwenyewe una wajukuu. Kinyua ni Gia. Huyo aliendesha pikapu za miraa kutoka Maua hadi Nairobi miaka kumi na moja, kisha akaacha. Makandi hana jina la utani. Yeye huuza mandazi mwisho wa benchi, na huongea kidogo sana, hata wanaume husahau kwamba yupo.

Asubuhi hiyo, kama kila siku, alikuja na mtoto wake. Kendi alikuwa na miaka mitano, na hakuwa ametamka neno tangu siku baba yake, Kiogora, alipozikwa. Miezi saba. Alikula akipewa, alilala akilazwa. Makandi alimkalisha juu ya debe tupu karibu na gunia la Nthiga, akamfunga vifungo vya sweta hadi shingoni, kwa sababu chini ya sweta kulikuwa na gauni la kanisani na siku hiyo haikuwa Jumapili.

Tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani kwa Abdulatif tangu Jumatatu. Lilisema kwamba mwalimu wa tiba ya kucheza dansi, Madam Karwirwa, atakaa ukumbini na watoto waliopatwa na mshtuko, leo tu, kuanzia saa nne. Kesho anakwenda Embu. Mama mkwe wake Makandi alilisikia tangazo hilo kanisani, na akiwa kwenye kibaraza chake akasema neno moja tu: nyumba yenye kaburi bichi haichezi. Makandi hakuwa na ugomvi na dansi. Alitaka tu kujua huyo mwanamke alikuwa nani kabla hajawa huyo aliyeandikwa ukutani, ndipo amkabidhi mtoto. Na kumwuliza mtu aliona haya.

Bahati ilikuwa kwamba viatu vya Madam Karwirwa vilikuwa hapo kwenye gunia. Dereva wa tuk-tuk alivileta jana jioni: vyeusi, vya ngozi, bila kisigino kirefu. Soli ya kushoto ilikuwa imeachia. Alisema atavipitia asubuhi avipeleke ukumbini kabla ya saa nne.

Nthiga aligonga msumari wa mwisho, akakigeuza kiatu juani.

— Sasa ninyi wazee, akasema, huyu mama anafunza watu kutibu kwa dansi. Na hakuna mtu anazaliwa akijua kazi kama hiyo. Lazima alikuwa kitu kingine kwanza.

— Hapo umesema, Rejista akaitikia. Mimi mwenyewe nilianza nikiwa karani wa kahawa. Niliingia ualimu kupitia dirisha.

— Ndio maana watoto walikuwa wanatoka kupitia dirisha, Gia akasema.

Idrisi akacheka, akamwagia kila mtu kikombe. Makandi akasogeza beseni lake la mandazi hatua moja karibu.

— Tazameni hii, Nthiga akaendelea. Kushoto mbele imelika mpaka karatasi ya ndani inaonekana. Kisigino bado kipya. Sasa nani hukanyaga namna hii? Fundi wa cherehani. Mguu mmoja unasukuma pedali, kutwa nzima. Huyu alikuwa anashona yunifomu.

— Na akatoka kwa yunifomu akaingia kwa dansi? Rejista akauliza.

— Mtu akisukuma pedali miaka ishirini, mwili unazoea kuchezacheza. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Hiyo methali haina uhusiano hata kidogo.

— Mwalimu, wewe si ulistaafu? Wacha methali zifanye kazi.

Rejista akaweka kikombe chini, akajipangusa mdomo kama mtu anayetaka kusoma majina ya darasa.

— Huyo alikuwa mwalimu wa michezo. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Anapiga mguu wa kushoto chini watoto wafuate. Niliwahi kufanya kazi na mmoja Nkubu, viatu vyake vilikuwa hivyohivyo. Tena angeweza kutuliza darasa la watoto sabini bila kufungua mdomo. Anapiga makofi mara tatu, wote kimya.

Makandi alilipenda jambo hilo la kutofungua mdomo. Akamtazama Kendi. Mtoto alikuwa anatazama nyundo.

— Mnasumbuka bure, Idrisi akasema. Mimi naona nesi. Nesi wa zamu, wodi ya watoto. Anatembea kwa ncha ya mguu ili asiamshe mgonjwa. Ukitembea hivyo miaka kumi, kisigino kitalika na nini?

— Nesi hutembea na mguu mmoja? Gia akauliza.

— Wa kulia unasubiri mlangoni.

Hata Nthiga aliyekuwa na sindano mdomoni alicheka. Makandi akatabasamu, akainamisha kichwa. Nesi pia ni mtu mzuri, akajiambia. Nesi wa watoto, afadhali zaidi.

Gia alikuwa anangoja nafasi. Akachukua kiatu, akavua chake mwenyewe, akaingiza mguu mpaka ulipokwama, akakikanyaga chini mara mbili.

— Klachi, akasema.

— Nini?

— Hii ni klachi, bana. Mguu wa kushoto, mbele, mpaka karatasi. Huyu mama alikuwa dereva. Na si wa kwenda sokoni. Huyu alibeba miraa. Ukitoka Kangeta umechelewa, gari imejaa, ndege inangoja mzigo Nairobi, unabadilisha gia kila kona mpaka Makutano. Mimi nilimaliza pea nne kwa mwaka. Hata Kiogora alikuwa anashona yake hapa kwa Soli kila...

Akakatiza. Kikombe cha Idrisi kikabaki hewani. Nthiga akamtazama Gia kwa jicho la kumla, kisha wote wakakumbuka, kwa pamoja, nani alikuwa amekaa mwisho wa benchi.

— Mama Kendi, Gia akasema, niwie radhi. Mdomo wangu hauna breki.

— Si kitu, Makandi akasema. Ni kweli alikuwa anashona hapa.

Gia akavua kiatu kile polepole, akakipangusa ndani kwa shati lake, akakirudisha kwenye gunia. Ilikuwa wiki ya mazishi ya Kiogora, dereva mwenzake wa miraa, Gia alipoacha udereva, au alipouza leseni, kama anavyopenda kusema, akanunua toroli. Kuhusu sababu hakuwahi kuulizwa.

Ndipo Rejista, kwa wema, akaamua kusema upuuzi mkubwa kuliko wote ili hewa irudi.

— Mimi nimebadilisha mawazo. Huyo mama alikuwa mpiga ngoma wa Chuka.

— Mwanamke abane ile ngoma katikati ya mapaja? Idrisi akauliza.

— Siku hizi wanabana. Unasimama kwa vidole, unarukaruka na ngoma inaruka na wewe. Lazima mbele ilike.

— Mguu mmoja?

— Ngoma ilikuwa imepinda.

— Basi mimi nawaambia alikuwa polisi wa siri, Nthiga akasema. Miaka ishirini anafuata watu kwa kunyata. Siku moja akagundua kwamba kile anachofanya nyuma ya watu ni dansi, akaacha kazi.

— Mtawa, Idrisi akasema.

— Mtawa?

— Aliapa. Miaka kumi na miwili katika utawa, hakucheza. Lakini mguu wa kushoto haukuapa. Ibada ikiendelea, mguu unacheza chini ya kanzu, juu mama ametulia kama picha. Mama mkuu wa watawa akaona kiatu kimeisha upande mmoja, akamwambia, mwanangu, nenda ukafundishe wengine.

— Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Gia akasema kwa sauti ya chini, na hii ndiyo methali pekee iliyokaribia ukweli asubuhi hiyo.

Makandi alitazama saa ya simu yake. Saa tatu na dakika arobaini. Mshonaji, mwalimu, nesi, dereva, mpiga ngoma, polisi, mtawa. Alikuwa amewasikiliza wote kwa makini kama mtu anayesikiliza matokeo ya hospitali, na bado hakujua amkabidhi mtoto kwa nani. Pengine mama mkwe alisema kweli. Pengine angekaanga mandazi mengine, saa nne ipite yenyewe, kesho mwalimu awe Embu, na hakuna atakayeweza kumlaumu.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amemwambia mtu. Wiki tatu zilizopita aliona kwamba Nthiga anapogonga misumari, kidole gumba cha mguu wa Kendi kinachungulia kwenye ndala na kuitikia. Ko, kinainuka. Ko, kinainuka. Nthiga akiacha, kinaacha. Uso haubadiliki, macho hayabadiliki, ni kidole tu. Makandi hakulisema kwa kuogopa kwamba jambo dogo kama hilo, likitajwa, laweza kukimbia.

Bi. Mwanakombo alitokea upande wa bucha. Alikuwa anasubiri Abdulatif amsafishie matumbo ya mbuzi, na mguu wake haupendi kusimama.

— Asalaam aleikum.

— Waleikum salaam, Bi. Mwanakombo. Karibu, kaa hapa, Idrisi akasema, akampisha.

— Mnabishania nini? Sauti zenu zimefika mpaka kwenye mizani.

Nthiga akamweleza. Akamhesabia kazi zote saba. Bi. Mwanakombo alisikiliza huku ameshika kiatu kimoja, kisha akachukua na cha pili, akavigeuza. Si upande wa soli. Upande wa juu.

— Ninyi mmetazama chini tu, akasema. Na hapa juu?

— Hapo ni ngozi, bibi.

— Naona ni ngozi, mwanangu, nina macho. Nauliza, hii ncha ya mbele, juu yake, mbona imechubuka hivi? Vyote viwili. Kisigino hakijaguswa. Ni kazi gani inayokula kiatu kwa juu?

Nthiga aliisugua ile ncha kwa kidole gumba.

— Nilipaka rangi mara mbili, akasema mwishoni. Haikushika.

— Sikuulizi rangi. Mimi si fundi, nauliza tu.

Rejista akavua miwani, akaivaa tena. Gia alitazama mguu wake, akaupinda huku na huku, akakosa pedali inayoingia kwa juu. Idrisi akainua birika ili amwagie mtu yeyote, na likatoa matone mawili na machicha.

— Kahawa imeisha, akasema, kama anayeomba msamaha kwa niaba ya wote.

Makandi alikuwa ametazama chini kwa haya yake ya kawaida, na hapo ndipo alipoviona viatu vyake. Vilikuwa raba za buluu za mwaka jana. Soli bado zilikuwa nzima. Lakini ncha, kwa juu, zilikuwa zimechubuka mpaka kitambaa kimekuwa cheupe, kulia na kushoto. Akafikiri zilichubuliwa na nini. Akakumbuka sakafu ya jikoni asubuhi, akifunga vifungo vya sweta. Sakafu ya chumba jioni. Vumbi la uani, lango la kanisa, hapa hapa kando ya debe. Miezi saba ya kupiga magoti, vidole vimekunjwa nyuma, uso mbele ya uso, akisema, Kendi, mama yuko hapa, niambie hata neno moja.

Alinyanyuka. Hakuwa amewahi kunyanyuka wakati wenzake wanazungumza.

— Soli, akasema, nipe hivyo viatu nivipeleke.

— Dereva wa tuk-tuk atapita.

— Nipe tu. Naenda huko.

Nthiga akamtazama yeye, kisha mtoto. Makandi alikuwa amepiga magoti tena mbele ya lile debe, na alikuwa anafungua vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine, mpaka gauni la kanisani likaonekana, la manjano, na ukosi mweupe.

— Mama Kendi, Rejista akasema kwa upole, kwani wewe umejua alikuwa nani?

— Hapana, mwalimu. Sijui alikuwa nani.

Akafunika beseni kwa kitambaa, akamwomba Bi. Mwanakombo aliangalie kidogo, na bibi akalivuta karibu na goti lake bila kuuliza. Gia akainuka haraka, akachukua viatu kutoka kwa Nthiga, akavipangusa tena kwa shati, akamkabidhi Makandi kwa mikono miwili.

— Mwambie alipie siku nyingine, Nthiga akasema.

Makandi akamshika Kendi mkono. Mtoto alishuka kwenye debe, akasimama, hakwenda. Alikuwa ameigeukia nyundo.

Nthiga alikuwa amemaliza kazi ya asubuhi. Hakukuwa na kiatu juu ya kile chuma chake cha kugongea. Lakini alifuata macho ya yule mtoto, akashuka nayo mpaka kwenye ndala, akakiona kidole kimeinuka kidogo, kinangoja. Mtu anayejisifu kusoma soli hakuwa amekiona wiki tatu nzima. Akachukua nyundo.

Ko.

Kendi akapiga hatua.

Ko. Ko.

Wakavuka barabara hivyo, mama na viatu kwapani, mtoto na gauni la manjano, polepole, hatua kwa kila pigo. Tuk-tuk moja ilisimama ikawapisha. Kwenye benchi Idrisi hakwenda kutia maji mapya. Nthiga aliendelea kugonga chuma kitupu, kwa kipimo, bila kuinua kichwa, mpaka Gia alipomwambia kwamba wameshaingia ndani.