Panya Waliomkumbuka Berci: Maneno ya Kumuaga Profesa Vadász

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa maprofesa na madaktari, ndugu wageni waalikwa mliopanda treni kutoka Budapest, na ninyi wenzangu waosha chupa mliokaa nyuma karibu na chakula, kwa kuwa mna akili: hamjambo?

Naitwa Bertalan Süle; Profesa huniita Berci. Kwa miaka ishirini na sita nimelisha panya wa Profesa Piroska Vadász hapa Szeged. Ratiba inasema nina dakika tano. Profesa, usiangalie saa, leo si mkubwa wangu tena.

Wasomi wameshasema kwamba Profesa alichunguza uvimbe wa ubongo unaoletwa na kinga ya mwili wenyewe. Mimi nitasema kwa maneno ya mtaani, maana sikumaliza shule. Ubongo una walinzi wake. Mtu akizeeka, baadhi ya walinzi hao huchachamaa, wakawapiga wezi na wenye nyumba pamoja, na kumbukumbu ndiyo inayoumia. Profesa alisema, "Tuwatulize walinzi." Nani alimwamini? Baadhi yenu mlicheka, nami nawaona mlipoketi.

Basi mwaka mmoja tulikuwa na panya arobaini, wazee, wagonjwa wa kusahau. Nusu walipewa dawa, nusu maji matupu, na orodha ikafungwa ndani ya bahasha, hata Profesa asijue nani ni nani. Kila siku niliwatia katika beseni kubwa la maji, wakitafute kibao kilichofichwa chini ya maji wapande. Mwenye kumbukumbu angekijua kilipo.

Wiki tatu, hakuna hata mmoja aliyekitafuta! Wengine waliogelea ovyo, wengine walijibanza ukingoni wakaelea tu. Na Ijumaa kamati ilikuwa inakuja kuufunga mradi.

Nilimkuta Profesa amekaa ngazini, ameshika pogácsa, kimkate cha chumvi, asiyoila.

"Miaka tisa, Berci," akaniambia. "Imekwenda na maji."

Ndugu zangu, hapo nikajua kosa ni langu. Kwa nini? Kwa sababu nilijua ule ukingo. Ndipo ninaposimama mimi.

"Profesa," nikasema, "hao wanaojibanza hawajasahau. Wananingoja."

"Wanakungoja wewe? Kwa lipi?"

"Huwa nawaopoa kabla ya muda kwisha."

"Umewaopoa mara ngapi?"

"Kila siku. Maji ni ya baridi, Profesa."

Akanirushia ile pogácsa. Ikanipata hapa, shavuni. Mwanamke huyu ana shabaha, msidanganywe na miwani.

"Mwehu wewe! Umeniua! Na hao wengine, huwaopoi?"

"Naopoa wote. Ila wale wengine kila asubuhi wananitazama kama mkaguzi wa tiketi wasiyewahi kumwona."

Akapekua mfuko wa koti. Kisha akanipa penseli. "Niandikie namba za wanaokukumbuka. Wote."

Nikaandika ishirini na moja. Akaichana bahasha, akalinganisha namba moja moja. Kumi na tisa walikuwa wa dawa.

Akaketi sakafuni, akalia. Nikadhani nimefukuzwa kazi. Kumbe nilifukuzwa chumbani tu: jaribio likarudiwa na panya wapya, mwanamke mwenye moyo mgumu akashika beseni, nami nikapigwa marufuku miezi minne kusogea hata mlangoni. Wa dawa wakakipata kibao. Kamati, iliyokuwa imekubali kungoja, ikaondoka na fomu zake za kufunga mradi. Na katika ripoti iliyosomwa dunia nzima imeandikwa: "kosa la mhudumu B. S." Nani mwingine humu ana kosa lililochapishwa?

Je, dawa imeshaponya watu? Bado. Profesa mwenyewe atawakemea mkisema imeponya. Kwa wagonjwa wachache inapunguza mwendo wa ugonjwa, na vijana wake wanaendelea.

Lakini siku ile sakafuni nilimuuliza, "Unalia nini, nasi tumeshinda?"

Akasema, "Baba yangu alilisahau jina langu, Berci. Nikadhani nimefutika kabisa. Lakini kila Jumapili nilimkuta amekaa kwenye dirisha la upande wa kituo cha tramu nilipokuwa nashukia. Manesi walimhamisha, akarudi. Sikuwahi kujiuliza alikuwa anamngoja nani."

Profesa Vadász, alikuwa anakungoja wewe. Nenda ukapumzike.

Nanyi nyote, nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa nipisheni, supu ya samaki inapoa.