Milimita Mia Moja Sitini na Tatu za Bi. Tryphena Wakesho

Tarehe 30 Juni 1988, saa tatu kamili asubuhi, Bi. Tryphena Wakesho atapima mvua katika kituo chetu cha hali ya hewa hapa Voi kwa mara ya mwisho. Huenda lisiwepo hata tone, maana Juni yetu tunaijua, lakini atapima hivyo hivyo, kisha atakuja kunywa chai pamoja nasi akiwa mstaafu. Alianza kazi tarehe 6 Machi 1961. Hiyo ni miaka ishirini na saba, miezi mitatu na siku ishirini na nne. Mimi ningesema ishirini na saba na ushei nikaendelea, lakini yeye hapendi ushei, na wasifu huu ni wake.

Alishuka kutoka kwao Werugha, milimani, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, mumewe alipopata kazi ya reli, wakapanga chumba mtaa wa Kaloleni, hapa mjini. Kituo hakikumwajiri kupima chochote. Kilimwajiri kufyeka. Nyasi za uwanja wa vipimo hazitakiwi kuzidi urefu wa kidole, la sivyo upepo na mvua vinasema uongo, na kwa miaka mitano mikono iliyovizuia visiseme uongo ilikuwa yake.

Mimi nilimkuta hapo mwaka 1964, kijana niliyetoka mafunzoni, kalamu mbili mfukoni na maneno mengi mdomoni. Siku hizo tulikuwa tukirusha puto kila asubuhi ili kujua upepo wa juu unaelekea wapi. Mmoja aliliachilia, mwingine alilifuata kwa darubini. Puto likipanda juu ya Voi, kwanza ni kubwa na jekundu, halafu ni saizi ya chungwa, halafu nukta, halafu unabaki ukitazama buluu tupu na hujui kama bado unaliona au unalitamani tu. Tryphena alikuwa akiacha kufyeka, anasimama na fyekeo mkononi, uso umeelekea juu, na ungedhani amesahau kuwa ana miguu. Sisi wenye darubini tukishalipoteza, yeye alikuwa bado analo. “Liko pale, juu ya kilima cha Sagalla,” alikuwa akisema polepole, kisha anaongeza, “labda.”

Bwana Mulei, mkuu wa kituo wakati huo, mtu wa Kitui asiyependa mzaha kazini, siku moja aligeuza darubini upande aliouonyesha. Puto lilikuwepo. Akamjaribu siku nyingine tatu, na siku zote tatu lilikuwepo. Mwaka 1966 alimtoa kwenye nyasi akamketisha mezani kujifunza.

Kati ya vipimo vyote vya kazi yetu, mawingu ndiyo magumu. Joto lina kipimajoto chake, upepo una vikombe vinavyozunguka. Mawingu hayana chombo. Unasimama uwanjani, unaigawa mbingu vipande vinane kichwani mwako, unasema vingapi vimefunikwa. Huna wa kukusaidia ila macho yako, na hapo ndipo Tryphena alipoteseka. Aliona vizuri kuliko sisi sote, ila hakujiamini hata kidogo. Angesema tano, akautazama uso wangu, akasema labda sita, akamtazama Bwana Mulei, akarudi tano. Aliandika kwa penseli, akisubiri mwenye vyeti apite akubali ndipo aandike juu yake kwa wino. Tukambandika jina la Bi. Labda, na aliyelianzisha ni mimi, nisimsingizie mtu. Alicheka pamoja nasi. Miaka mingi baadaye ndipo aliponiambia kuwa alikuwa akifika nyumbani analia, akijiuliza mwanamke aliyeishia darasa la sita anatafuta nini kwenye meza ya watu waliosoma.

Lakini hakuacha kazi, na hakukaa akisubiri woga uishe wenyewe. Jioni alikuwa akiketi kwenye ngazi ya chumba chake Kaloleni, binti yake Mable akiwa magotini, anaigawa mbingu vipande vinane, kisha anaandika nambari mchangani kwa kijiti. Alijiwekea sheria moja: akishaandika, hafuti. Jua lilizama nyuma ya vilima, mawingu yakageuka zambarau yakasogea kuelekea pwani, na ile nambari ilibaki pale chini. Asubuhi aliikuta kuku wameichakura, lakini kuku ni kuku, yeye hakuifuta. Alifanya hivyo kwa miaka. Majirani walidhani anaandika majina ya malaika.

Halafu ikaja mvua ya Novemba 1978. Ilianza alasiri ikanyesha hadi karibu na alfajiri, na kwa nguvu zile ilinyesha hapa mjini tu. Waliotoka Mwatate siku iliyofuata walikuja na vumbi kwenye viatu wakatukuta tumejaa matope.

Asubuhi ile uwanja wa vipimo ulikuwa umegeuka ziwa jembamba lililotulia, na mbingu yote iliyosafika ilikuwa imelala ndani yake. Tryphena alivua viatu akaingia. Kutoka mlangoni pa ofisi nilipokuwa nimesimama, alionekana anatembea juu ya mawingu madogo meupe. Kila hatua aliyatikisa, nayo yakarudi mahali pake. Sijaona kitu kizuri kama kile katika kazi hii, na ninakiota mpaka leo.

Sheria ya kituo ilisema hivi: mvua ikizidi milimita mia moja, mtu wa pili asimame kando ya mpimaji, aone, kisha atie sahihi mahali pa shahidi. Aliniita mara mbili. “Danson, kuja uone, chupa imefurika hadi kopo la nje limejaa!” Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya kahawia, nilivyonunua kwa ajili ya harusi ya binamu yangu Jumamosi ile. Nikamjibu, “Wewe pima tu, nakuona.” Akapima. Gilasi yetu hubeba milimita kumi kwa mara moja. Aliijaza, akaiinua mbele ya jicho, akaisoma, akaimwaga, akaanza tena. Alipomaliza hapakuwa na maji ya kumwonyesha mtu. Akaja akaandika 163.4. Nikasema sahihi yangu nitaiweka baadaye, nikaenda zangu kwenye matayarisho ya harusi, na mahali pa shahidi pakabaki wazi.

Baada ya wiki tatu ikaja barua kutoka ofisi kuu. Vituo vya jirani vilikuwa vimeandika kumi na nane, ishirini na mbili. Mtu fulani huko alikata shauri kwamba nukta yetu imesogea, na kwamba mvua ya Voi ilikuwa milimita kumi na sita na kidogo. Bi. Tryphena alitakiwa asahihishe. Wakati huo huo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaotarajiwa kuwa wapimaji kamili. Akisahihisha, ni kosa dogo la kalamu, anasonga mbele. Aking'ang'ania, ataonekana hajui kupima, na nyasi za uwanjani zilikuwa bado zinaota.

Jirani yake, Bi. Mwanatumu, alinisimulia yaliyotokea jioni ya barua ile. Alimkuta Tryphena ameketi kwenye ngazi, barua mapajani, haitazami hata mbingu.

“Mama Mable,” akamuuliza, “maji uliyaona ama hukuyaona?”

“Niliyaona. Lakini niko peke yangu, dada. Labda nilichanganya hesabu.”

“Ngoja kwanza. Mimi ua wangu mzima ulianguka kwa mvua ile. Na siku ulopima, mule ndani ya gilasi alikuwa akitazama nani mwengine?”

“Hakuna. Ni mimi tu.”

“Basi sasa wataka kumuuliza nani?”

Bi. Mwanatumu anasema Tryphena aliikunja barua, akaingia ndani kupika.

Mkaguzi alikuja Desemba kwa gari moshi. Alikuwa mpole, nikiri hivyo, na alitaka tu kumaliza arudi. Tulikaa wanne ofisini: yeye, Bwana Mulei, Tryphena na mimi. Alianza na mimi. “Wewe ulisimama kando yake akipima?” Nikasema sikusimama kando yake. Ilikuwa kweli, na katika maisha yangu sijasema kweli nyingine yenye aibu kama ile. Kisha akafungua daftari, akaweka kalamu juu yake, akamsogezea Tryphena. “Mama, ni nukta tu. Isogeze, tia sahihi, tumalize.”

Tryphena alinitazama mara moja, kwa yale macho yake ya zamani ya kutafuta uso wa kumkubalia. Mimi nikatazama viatu. Basi akaniacha, akageukia dirisha, akaitazama mbingu kwa muda, kama alivyofanya enzi za puto. Alipozungumza, sauti yake haikupanda wala kushuka. “Nilipima mia moja sitini na tatu nukta nne. Niliyamwaga maji yale kwa mkono huu. Hiyo nukta iko mahali pake, na mimi siigusi.”

Bwana Mulei na mimi tuliingoja ile labda. Haikuja. Badala yake alichukua kalamu ya mkaguzi, akaandika kwa wino pembeni mwa ukurasa, “Nimepima mwenyewe,” akaweka tarehe, akafunga daftari. Kisha akaomba ruhusa atoke, kwa sababu saa ya mawingu ilikuwa imefika.

Hakurudishwa kwenye nyasi, kwani Bwana Mulei aliandika kwamba akirudishwa, kituo kinunue fyekeo mbili, ya pili ya mkuu wake. Lakini orodha ilimruka, na ikamruka tena kwa miaka minne. Kwenye jedwali la mwaka ile nambari ilichapishwa na alama ya nyota, na chini yake maneno mawili: bila shahidi. Hayo ndiyo yaliyobaki ya mvua kubwa kuliko zote tulizopima kituoni hapa. Yeye alilisoma jedwali, akalirudisha rafuni, akaenda kuangalia upepo.

Ila tangu siku ile ungemsikia kutoka barabarani. “Sita!” anatangaza, na ni sita. Mwaka 1982 hatimaye alipandishwa cheo, mwanamke wa kwanza kuongoza zamu hapa kwetu. Mwaka 1984, mbingu ilipofunga na ng'ombe wakaanza kuanguka njiani, yeye aliandika sufuri kila asubuhi, mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko ule ule nadhifu. Nilimuuliza kwa nini anaenda kukipima chombo ambacho kila mtu anajua ni kikavu. Alisema hajui ni kikavu mpaka aangalie. Amewafundisha vijana kumi na wawili, Mable akiwa mmoja wao, na darasani kwake kuna marufuku moja tu: usitazame uso wa mwenzako kabla hujasema nambari yako.

Wasifu wa aina hii kwa kawaida huishia hapo, kwa shukrani na picha. Mhariri wa jarida letu ameniruhusu niongeze kidogo, na sasa sizungumzi na wasomaji, nazungumza nawe.

Bi. Tryphena, tumekunywa chai meza moja kwa zaidi ya miaka tisa tangu siku ile, na mimi ndiye mkuu wa kituo siku hizi. Sijawahi kukuambia. Asubuhi ile nikiwa mlangoni nikilinda viatu vyangu, nilihesabu. Kila ulipoinua gilasi nilikunja kidole, na vidole vilipokwisha nikaanza upya. Uliinua gilasi iliyojaa mara kumi na sita, na ya kumi na saba ilikuwa na maji kidogo chini. Nilijua hapo hapo. Nilijua hata mbele ya mkaguzi. Niliogopa ataniuliza mbona sikutia sahihi siku ile, na jina langu pia lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Mimi nilipanda, wewe ukabaki. Ulidhani uko peke yako kwa sababu mimi nilikuacha peke yako, na bado ukasimama. Mimi mwenye vyeti sikuweza kusema nilichokiona kwa macho yangu. Nisamehe.

Jumatatu iliyopita niliandika haya yote kwa ofisi kuu na kuomba ile nyota iondolewe. Hawajajibu, na wasipojibu nitaandika tena. Lakini sikutaka uondoke ukingoja barua.

Kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa kila asubuhi. Panda Werugha ukapumzike, ulale mpaka jua likukute, uitazame mbingu kadiri upendavyo bila kumwandikia mtu. Tunakuombea afya, wajukuu watundu, na mvua za kiasi.

Voi, tarehe 14 Novemba 1978. Mvua: milimita 163.4.
Mpimaji: Tryphena Wakesho.
Shahidi: Danson Mwandawiro.