Barabara Iliyokunja Kona Mlima Nebo

Kijiwe chetu kiko mbele ya kanisa la Mlima Nebo, pembeni mwa barabara kuu. Hapa palikuwa na mtaa wa Bonde la Pickett: nyumba mia nne za watu weusi, vibanda vya vinyozi, duka la samaki wa kukaanga. Halmashauri ya mji ikavunja vyote ikapitisha barabara. Kanisa likabaki peke yake, na sisi kila Jumamosi tunakuja kwa magari kutoka mbali kukaa hapa. Juzi wamebandika karatasi mlangoni: Jumatatu kuna kikao cha halmashauri, jengo lisilotumika livunjwe, pawe maegesho. Maegesho! Mimi hasira hazijanishuka hadi leo.

— Halivunjwi ng'o, alisema Breki, dereva wa basi mstaafu. Barabara ilikuja imenyooka, ilipofika hapa ikakunja kona. Mnajua kwa nini? Buldoza lilizima mara saba!

— Wiki iliyopita ulisema mara tatu, nikamwambia.

— Nilikuwa sijamaliza kuhesabu.

Alonzo, tunayemwita Sheria kwa kuwa alilinda mlango wa mahakama miaka thelathini, akakohoa.

— Acheni kamba. Chini ya msingi kuna hati. Ardhi hii ni yetu mpaka kiama.

— Umeiona?

— Hati ya namna hiyo haionwi ovyo, bwana!

Mama Vernell alikuwa anatumiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake.

— Nyie wanaume mna maneno. Mama yangu na wenzake walivaa glavu nyeupe, wakajipanga kwenye ngazi, wakampa mhandisi wa barabara kuku na pai ya viazi vitamu. Alipolamba kidole cha mwisho, akachora ramani upya.

— Kwa pai?

— Kwa pai! Ungeionja, Breki, hata wewe ungepata akili.

— Basi mimi nasema ni marehemu wetu walioko makaburini huko nyuma ya kanisa, Breki akapandisha sauti. Waliisukuma barabara kwa mabega!

— Wewe hata kiti cha basi kilikushinda kusukuma, akasema Sheria.

Tukacheka. Hapo gari likasimama, akashuka dada mmoja mwenye kofia kubwa ya manjano, akasoma karatasi ya mlangoni, kisha akatujia. Akasema anaitwa Jocelyn, katoka Detroit, bibi yake alibatizwa Mlima Nebo.

— Samahani wazee wangu. Kesho ibada saa ngapi?

Nikamtazama Breki. Breki akamtazama Sheria. Sheria akakagua kiatu chake.

— Dada, nikasema, mchungaji alifariki Pasaka ya mwaka jana. Tunangoja mwingine.

— Kwa hiyo karatasi ya mlangoni inasema kweli, jengo halitumiki?

Iliniuma, tena sana. Mwaka mzima tunalitetea kanisa kwa midomo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeingia kupiga magoti. Mama Vernell akafunga chupa ya kahawa, akasimama.

— Saa tano, akasema.

— Nani atahubiri, mama?

— Kwani bibi zetu walikuwa na mchungaji? Mmoja alitamka mstari, wengine wakauimba. Mimi nitatamka. Nyie mtaimba.

— Sauti yangu mbovu, akalalamika Sheria.

— Nani kakuuliza sauti?

Akapanda ngazi, akaichana ile karatasi vipande vinne, akafungua mlango. Vumbi likatupiga usoni. Breki tayari alikuwa anatafuta ufagio.

— Na wewe, mwanangu, Mama Vernell akamwambia Jocelyn, usirudi Detroit kesho. Jumatatu twende wote kikaoni, ukawaambie Jumapili ulisali wapi.