Mama Meza, Aliyepakua Kuanzia Nyuma

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, mama yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Meza, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1962, mtoto wa tatu na binti pekee wa seremala na mpishi wa shule, na historia yake tunaisoma kama alivyotaka isomwe, ingawa wakubwa wa ukoo waliipitia jana wakatuomba tuilainishe kidogo. Hatukuilainisha.

Alianza masomo ya msingi Januari 1969 katika shule ileile alikopika mama yake, akaendelea na sekondari, na mwaka 1981 akapata cheti cha upishi, akaajiriwa kwenye kantini ya kiwanda cha nguo, ambako alikutana na baba yetu, fundi wa cherehani, mtu mpole aliyekuwa akirudi kuongezewa chakula hata akiwa ameshiba.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1985, na siku hiyo kamati ya upande wa bwana harusi ilipakua kuanzia meza kuu, ikashuka kwa wageni wa heshima, na chakula kikaisha kabla ya kufika benchi la mwisho, alikokuwa ameketi bibi yetu mzaa mama, kwa kuwa viti vya mbele vilikuwa vya wenye majina. Bibi harusi aliinuka, akabeba sahani yake mwenyewe, akapita katikati ya ukumbi huku shela ikiburuta, akampelekea mama yake, naye bibi akamwambia, “Kula wewe mwanangu, mimi nimezoea.” Neno hilo, nimezoea, mama hakulisamehe mpaka anaingia kaburini.

Mungu aliwajalia watoto wanne, waliozaliwa mwaka 1987, 1989, 1993 na 1996, na katikati ya malezi hayo, tarehe 2 Machi 1991, mama aliacha kazi kiwandani, akaanza kupikia sherehe za watu akiwa na sufuria mbili na mwiko mrefu aliochongewa na babu. Wapo wanaosimulia kwamba biashara ile ilikuwa ya baba na mama alimsaidia tu, basi baba mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema yeye kazi yake ni kuosha masufuria, na aliyaosha vizuri.

Sharti la mama lilikuwa moja, chakula kianzie meza ya nyuma kabisa na meza kuu ipakuliwe mwisho, kwa sababu, kwa maneno yake, wa mbele wakikosa watasema, wa nyuma wakikosa watanyamaza.

Tarehe 22 Agosti 1998, kwenye sherehe aliyoiandaa, mkubwa mmoja wa ofisi alimwamuru aanze na meza yake, mama akatia pamba masikioni, madereva, walinzi na wazee wa pembeni wakala kwanza, na sahani ya mkubwa ikafika mwisho, ya moto na imejaa, ila mwenyewe alikuwa ameshavimba. Aliapa kwamba mama hatapika tena mjini hapa, na kweli kwa miezi saba simu haikulia, sufuria zikafunikwa, shemeji yake mkubwa akaja kumwambia, “Shemeji, biashara haitaki kiburi, mwenye shughuli ndiye mfalme,” naye akajibu, “Basi mfalme akae kitini asubiri.” Kumbe madereva na walinzi nao wana mabinti wa kuoza. Aprili 1999 aliitwa na dereva, kisha na mlinzi, kisha hakupumzika tena, na mwaka 2004 mke wa yule mkubwa alikuja mwenyewe kumwomba apike harusi ya binti yao, na mumewe siku hiyo alisubiri kimya kama wenzake.

Baba alitutoka tarehe 11 Mei 2012. Mama alianza kuugua figo Februari 2021, daktari akamkataza kusimama jikoni, akatii kwa namna yake, akakaa juu ya kreti la soda, mwiko mkononi, akiongoza watu. Hata wodini, kitanda chake kikiwa cha kwanza mlangoni, aliukataa uji mpaka kitanda cha kona kipate. Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Juni 2023, saa nne asubuhi, ameacha watoto wanne, wajukuu tisa na wafanyakazi thelathini na wawili wanaolia leo huku wakipika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana haikuwa kazi ndogo, majirani waliotupa nyua zao kuweka majiko, na wapishi wenzake waliofika na sufuria zao bila kuitwa.

Mwisho, wakubwa wetu wameomba kwamba leo, kwa heshima ya wageni walioketi mbele, chakula kianzie mbele. Tunawapenda, tunawaheshimu, na jibu ni hapana. Baba mkubwa, ambaye ndiye yule shemeji, na wote mlio mbele, njaa ikiwazidi, nyuma kuna nafasi.

Mama, lala kwa amani uliyoipigania. Meza ya nyuma imeshaanza kupakuliwa, na leo hapa hakuna atakayesema amezoea.