Gari Limechomekwa

Wapendwa ndugu, majirani na marafiki mliofika katika kanisa hili la Grundvik licha ya baridi, neno la mwisho aliloniambia mke wangu, Ragna Sigvaldason, lilikuwa swali, na aliliuliza alasiri ya Jumapili, tarehe 15 Januari 2023, akiwa kwenye kitanda tulichokuwa tumekihamishia sebuleni ili aweze kuliona ziwa. Alifumbua macho, akatazama dirishani, akasema, "Mwalimu, gari limechomekwa?" Nilikuwa sijalichomeka, kwa kuwa hatukuwa na safari yoyote, basi nikavaa koti na viatu, nikatoka, nikauvuta waya wa hita ya injini kutoka chini ya boneti na kuuchomeka kwenye umeme wa ukutani, kama kila nyumba ya mji huu inavyofanya Januari ili injini isigande, nikarudi ndani na kumwambia tayari. Akaitikia kwa kichwa, akalala, nami nikaenda jikoni kuchemsha kahawa.

Familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea historia yake, ingawa baadhi yenu mngeweza kuisoma vizuri kuliko mimi, maana karibu kila aliyekuja hapa leo akiwa ameshika usukani alifundishwa na yeye kuushika.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1953 hapa Grundvik, katika nyumba iliyo karibu na gati, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Sigtrygg Helgason, mvuvi, na mkewe Lovisa, na alifuatiwa na mdogo wake Gisli, ambaye amekaa hapa mstari wa mbele. Alisoma shule ya msingi na sekondari katika mji huu na kumaliza mwezi wa Juni 1971, lakini elimu iliyomtengeneza aliipata nje ya darasa, majira ya baridi alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, pale baba yake, ambaye mikono yake ilikuwa kwenye nyavu, alipohitaji mtu wa kulisogeza lori kutoka tundu moja la barafu hadi jingine. Huko ziwani ndiko alikojifunza kwamba juu ya barafu dirisha huachwa wazi na hakuna kinachokufunga kwenye kiti, kwa sababu barafu ikikatika utahitaji kutoka upesi, na kwamba ukifika nchi kavu sheria inageuka, hapo unajifunga kabla gari halijasogea hata kidogo. Mikanda ilipoanza kuwekwa kwenye magari aliipokea kama kitu alichokuwa akikisubiri.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuendesha basi la shule, na mwaka 1984 alipata leseni ya kufundisha udereva, kazi aliyoifanya hadi Juni 2019 akitumia magari madogo mekundu, moja baada ya jingine, kwa imani kwamba rangi nyekundu inaonekana vizuri kwenye theluji. Mnakumbuka alivyoanza kila somo, mwanafunzi hakuruhusiwa kuketi kabla hajalizunguka gari, akayatazama matairi, akainama kuona kama kuna kinachovuja, kisha akaketi, akajifunga, akazungusha ufunguo nusu ili taa zote za dashibodi ziwake pamoja, na akazitaja moja moja, oili, joto la injini, betri, breki, upepo wa matairi. Aliwaambia taa nyekundu inasema simama sasa hivi, mahali salama, zima injini, na ya njano inasema usinisahau, nenda taratibu, nitazame leo. Aliyeuliza kama hawezi kufika nyumbani kwanza na taa ya oili ikiwa nyekundu alijibiwa, "Unaweza, halafu utanunua injini nyingine."

Njall Tomasson, ambaye sasa ni mtahini wa leseni katika wilaya hii, ameniruhusu kusimulia somo lake la pili, alipozitaja taa zote bila kukosea, akawasha gari na kuondoka nyumbani kwa baba yake huku waya wa hita ukiwa bado umechomekwa, na Ragna, aliyekuwa ameuona, akakaa kimya hadi langoni, waya ulipokatika na kung'oka pamoja na kipande cha mbao za ukuta. Hapo akasema, "Sasa shuka, mwanangu, zunguka gari, halafu uniambie umesahau nini." Tangu siku hiyo rika lake lote wanamwita Njall wa Waya, na nimesikia wakimwita hivyo hata leo pale mlangoni.

Mimi nilifika mji huu Septemba 1976, nikiwa na shahada ya hisabati, kufundisha sekondari. Nikiwa chuoni Winnipeg nilipata kifafa, madaktari wakanikataza kuendesha gari, na ugonjwa uliponiacha nilikuwa nimeshazoea kutembea, kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilisimama kituoni pamoja na wanafunzi nikisubiri basi la shule. Dereva alifungua mlango, akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia, akauliza, "Na wewe uko kidato cha ngapi?" Nikasema mimi ni mwalimu. "Basi, mwalimu, kaa nyuma, huku mbele ni kwa wadogo." Hakuniita jina jingine tangu hapo. Tulifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 17 Juni 1978, na tarehe 4 Mei 1981 tulijaliwa mtoto wetu mmoja, Asta, anayeishi na kufanya kazi Winnipeg. Kwa miaka yote hiyo safari zetu zilikuwa na dereva mmoja, nami nilikaa pembeni nikishika ramani na termosi ya kahawa.

Ugonjwa wake ulianza Agosti 2021, kwa maumivu chini ya mbavu, aliyonitajia tukinywa chai ya asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshamwona daktari. Nalisema hili makusudi, kwa sababu wiki hii nimeambiwa mara kadhaa, kwa nia njema, laiti angewahi. Aliwahi. Tarehe 2 Septemba alipimwa na kukutwa na saratani ya kongosho, na daktari alimweleza kwamba amefika mapema kuliko wengi, na kwamba hata hivyo ugonjwa umemtangulia. Ragna akamuuliza, "Yaani taa imewaka injini ikiwa imeshakufa?" Daktari akasema ndiyo, ni kama hivyo. "Basi aliyeiunda dashibodi hii hakufanya kazi nzuri," akasema mke wangu, na daktari, ambaye yuko nasi hapa, akacheka, kisha akaomba radhi na kutoka chumbani kidogo.

Matibabu yalikuwa Winnipeg, na alijiendesha mwenyewe hadi tarehe 19 Novemba mwaka huo, tulipokuwa tukirudi, nyumba za Grundvik zikiwa zimeshaanza kuonekana, akapunguza mwendo, akawasha indiketa, akatoka barabarani, akawasha taa za tahadhari na kuzima injini. Dawa zilikuwa zimezitia ganzi nyayo zake. Alisema, "Siisikii breki. Naiona mguuni lakini siisikii," kisha akanipa ufunguo niushike, akampigia Gisli aje kutuchukua. Gisli alipofika akasema, "Dada, kilomita tatu tu, hata mbwa wangu angekufikisha." Akamjibu, "Hizo kilomita tatu zina watu, Gisli." Hakuendesha tena.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa katika historia hii. Asta alikuja wikiendi ile na kusema, kwa upendo, kwamba mama atakapokuwa hayupo itabidi nihamie kwake, kwa sababu duka liko mbali, hospitali iko mbali, na mtu asiyeendesha hawezi kuishi peke yake kandokando ya ziwa hili miezi ya baridi, na hayo yote yalikuwa kweli. Ragna alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Baba yako atakaa kwake. Niachie majira haya ya baridi." Asta akasema, "Mama, baba ana miaka sabini." "Sitini na tisa. Na hana mazoea mabaya ya kumwondolea, maana hana mazoea yoyote." Mwishowe Asta akaweka sharti, akasema, "Siku nikimwona anaendesha peke yake, sitasema neno tena." Wakashikana mikono juu ya meza kama wauza samaki, mimi nikiwa nimekaa katikati yao.

Alinifundisha tangu Desemba hadi Machi, akiwa amevaa kofia ya sufu kwa sababu nywele zilikuwa zimekwisha, na blanketi magotini, na baada ya kila duru ya dawa alipumzika siku chache kisha akanigongea mlango wa chumba changu cha vitabu na ufunguo. Tuliposhuka ziwani mara ya kwanza nilikuwa nimejifunga mkanda vizuri, nikitarajia sifa, akasema, "Mwalimu, unataka kuzama ukiwa nadhifu? Fungua mkanda, fungua dirisha." Jaribio langu la kwanza lilikuwa tarehe 8 Machi 2022, na katikati ya barabara kuu taa ya njano ya upepo wa matairi iliwaka, kama inavyowaka baridi inapozidi, nami nikasimama palepale na kuzima injini, magari sita yakiwa nyuma yangu. Njall aliniangusha, kisha akaja nyumbani kuomba radhi, na Ragna akamwambia, "Umefanya vizuri. Mimi ningemwangusha kabla hajatoka maegesho. Njano, mwalimu, njano. Uliifanyia adabu ya nyekundu." Nilifaulu tarehe 5 Aprili.

Tangu hapo nilimpeleka kwenye matibabu mimi, na kila safari alikaa kando yangu, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu mahali ambapo breki ingekuwa. Hata kununua mkate hakuniacha niende peke yangu, wala mimi sikutaka, na nilipomuuliza kama sasa nimemaliza alisema bado kuna somo moja. Nikauliza somo gani. Akajibu, "Hilo halina mwalimu." Desemba madaktari walisimamisha dawa, akabaki nyumbani, Asta akaja kukaa nasi, na gari halikutoka tena. Jumamosi, tarehe 14 Januari, Gisli alikuja kumwona, na Ragna mwenyewe akamfukuza arudi kwenye nyavu zake kabla samaki hawajaharibika. Jumapili alasiri aliniuliza lile swali nililowasomea mwanzoni, na saa kumi na mbili na nusu jioni, mimi nikiwa nimeshika mkono wake mmoja na Asta mwingine, alikata roho akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mjini na nyumbani, ambao hawakumficha lolote, inawashukuru majirani waliosafisha theluji mlangoni petu bila kubisha hodi, madereva wa mabasi ya shule aliofanya nao kazi, walimu wenzangu, na akina mama wa kanisa waliooka keki ya plamu itakayoliwa na kahawa baada ya maziko. Nawaomba mtakapoondoka mwende polepole, kuna barafu kwenye kona ya posta.

Lililobaki ni asubuhi ya Jumatatu. Gisli alikuwa ziwani kwenye kibanda chake cha uvuvi, mahali simu haifiki, na ilibidi mtu amwendee. Asta akasema, "Baba, nipe ufunguo, nitakwenda mimi." Nikasema hapana. Akasema, "Basi jifunge mkanda," nami nikamwambia hadi ufukweni tu. Nje baridi ilikuwa ya magari kugoma, lakini lile lilikuwa limechomekwa tangu jana, likawaka mara moja. Taa ya njano ilikuwa inawaka. Nikashuka, nikazunguka gari, nikaona tairi la mbele kushoto limelegea, nikachomoa waya, nikaukunja, nikaenda taratibu hadi kituo cha mafuta, nikajaza upepo, taa ikazimika. Ufukweni nilifungua mkanda na dirisha, nikaingia kwenye barafu, nikifuata matawi ya msonobari yaliyochomekwa kuonyesha njia, na baridi ikaingia kwenye kiti kilichokuwa kando yangu.

Gisli alisikia injini, akatoka kibandani na kuinua mkono, kwa kuwa gari analijua. Nilipokaribia aliona kiti cha pili hakina mtu. Akaushusha mkono, akavua kofia, akabaki amesimama hivyo kichwa wazi kwenye upepo. Kuna maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, na sikuhitaji hata moja. Akasema, "Umekuja mwenyewe, shemeji." Nikasema, nimekuja mwenyewe.

Niliporudi nchi kavu nilisimama, nikafunga dirisha, nikajifunga mkanda, nikaenda nyumbani. Asta alikuwa amesimama nje bila kofia, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alitimiza ahadi yake, hakusema neno. Aliukunjua waya, akanipa ncha yake.

Pumzika sasa, Ragna. Gari limechomekwa.