Mashati ya Buluu ya Xiomara

Mgeni rasmi, Mkuu wa Polisi wa mji wetu wa Piedra Larga, Padre Anselmo, majirani wote,

KARIBU
Karibu ukumbini kwetu. Pupusa, mikate yetu ya mahindi, zingali moto, kula kwanza, maana tutakayoyasema yanaweza kukukata hamu. Kusema kweli tunakuogopa. Wiki mbili tulibishana kama tukualike au tujikalie kimya, mpaka Doña Ercilia, mkubwa wetu, akasema mficha uchi hazai.

TULIKOTOKA
Wengi wetu tumetoka El Salvador. Tunawaandaa mabinti kwa sherehe ya kutimiza miaka kumi na mitano: misa, gauni na dansi ya waltzi. Wanaomsindikiza binti huvaa rangi moja. Tumekwisha kuwavusha thelathini na mmoja, na hakuna aliyeanguka akicheza, isipokuwa Padre.

TATIZO LETU
Xiomara aliletwa nchi hii ana miaka minne, mgongoni mwa mama yake. Alipokaribia kumi na mitano, alikuwa akitoka mazoezini na wenzake saba, wote mashati ya buluu. Askari wako akawasimamisha.

"Hizi sare za genge gani?"

"Za waltzi, afande. Ni sherehe yangu."

"Na mimi zangu za kuchezea, siyo?"

Akawekwa mahabusu ya watoto siku mbili. Hakimu aliitupilia mbali kesi, akafunga jalada. Lakini kwenye orodha yako ya magenge jina lake halikutoka.

Leo ana miaka kumi na tisa, ameomba kinga asirudishwe. Fomu iliuliza kama amewahi kukamatwa. Mama yake akamwambia aandike hapana. Wakili alipoiona alishika kichwa.

"Si hakimu alisema jalada limefungwa?" mama akauliza.

"Limefungwa kwa majirani, mama. Hawa wa uhamiaji wanauliza kama alikamatwa, hawaulizi kama alishinda."

Fomu imesahihishwa, ila Alhamisi anahojiwa, na orodha yako itakuwa mezani. Nasi tumeanza kuulizana nani wetu aliwahi kusimamishwa, na siku hiyo alivaa nini.

OMBI
Tulikuwa na maombi sita, tumeyafuta matano. Tunaomba barua yako, kabla ya Alhamisi, kwamba jina la Xiomara limeondolewa.

Risala hii anaisoma Doña Ercilia kwa sababu kati yetu ni yeye tu mwenye uraia. Sahihi hatukuweka. Mama yake Xiomara yumo humu ndani. Tafadhali, usimtafute kwa macho.

Mungu akulindie wanao, warudi nyumbani kila jioni.

Ni sisi,
Akina Mama wa Waltzi, Parokia ya Mtakatifu Rosa.